Mwavuli wa boti: maswali yenu kuhusu usalama wa abiria

Kila msimu wa wageni unapokaribia, barua kuhusu paraseilingi huongezeka. Ni ule mchezo wa kufungwa kwenye mwavuli na kuvutwa hewani na boti, unaouzwa sasa kuanzia Diani na Nyali hadi Nungwi na Kendwa. Safari hii tumezikusanya pamoja. Wengi wenu mmeuliza juu ya urefu: nitapandishwa mita ngapi, je nikianguka? Tumejibu, lakini mtaona karibu kila jibu linarudi kwenye upepo. Huo ndio chanzo cha ajali nyingi mbaya za mchezo huu, na abiria anaweza kuupima kwa macho yake kabla hajatoa pesa mfukoni.

Shemeji yangu ameapa kwamba kamba ikikatika unaanguka kama jiwe. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli. Kitambaa kilicho juu ya kichwa chako ni parachuti ya duara yenye matundu upande wa nyuma, na hewa inayopita kwenye matundu hayo ndiyo inayokiweka sawa boti inapovuta. Kamba ikikatika au injini ikizima, mwavuli haujikunji. Upepo ukiwa mdogo utashuka taratibu hadi majini, utalowa, na boti itakuja kukuchukua.

Balaa ni kamba kukatika kwenye upepo mkali. Abiria hana usukani, kwa hiyo mwavuli huenda unakopelekwa, na hata ukigusa maji hubaki umejaa hewa na kukuburuta. Tarehe 1 Julai 2013, huko Panama City Beach, Florida, kamba ilikatika wakati hali ya hewa imechafuka. Wasichana wawili wakapeperushwa hadi nchi kavu, wakagonga jengo la ghorofa, nyaya za umeme na gari lililoegeshwa. Walipona, lakini kwa majeraha makubwa. Mei 2022, Marathon katika visiwa vya Florida Keys, upepo wa dhoruba ulijaza mwavuli uliokuwa na mama na watoto wawili, nahodha akaikata kamba, na mwavuli ukawaburuta juu ya maji hadi kwenye daraja la zamani la Seven Mile. Mama alifariki.

Kilichowadhuru hasa ni kupelekwa na upepo, si kuanguka wima kutoka juu. Anayeanguka hivyo ni yule ambaye mikanda yake haikufungwa sawasawa au imeoza, na hilo tumelijibu huko mbele.

Upepo kiasi gani ni mwingi? Na mimi nisiye na kipimo nitajuaje? (Msomaji, Mtwapa)

Hili ndilo swali la maana kuliko yote. Tuanze na namba. Florida ina sheria inayotumika tangu Oktoba 2014, iliyotungwa baada ya vifo kadhaa, vikiwemo vya Pompano Beach mwaka 2007 na 2012. Inakataza kurusha abiria upepo wa kudumu ukizidi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Inakataza pia vipigo vya ghafla vikizidi maili 25, yaani kilomita 40, au vikizidi upepo wa kudumu kwa maili 15. Mvua au ukungu ukipunguza uoni chini ya nusu maili, hakuna kuruka. Radi ikipiga ndani ya maili 7, kama kilomita 11, hakuna kuruka pia. Sheria hiyo haina nguvu huku kwetu, lakini upepo wa huko na wa Diani husukuma kitambaa kwa namna moja, kwa hiyo namba hizo zinakufaa.

Wasomaji wa Tanzania mnazo tayari bila kujua. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inapotoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, siku hiyo imekwisha kwa mwavuli. Usibishane na mtu ufukweni, ahirisha.

Sasa macho. Simama mahali wazi, si nyuma ya ukuta wa hoteli, utazame maji ya nje ya mwamba. Povu jeupe likiwa hapa na pale kwenye vichwa vya mawimbi, upepo uko kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa, na ni mzuri. Povu likiwa la mara kwa mara, umefika kati ya 20 na 28. Hapo unahitajika uangalifu na abiria wepesi wasiende peke yao. Bahari ikiwa nyeupe kila upande na matone yanaanza kurushwa hewani, umevuka 30. Rudi kwenye kiti chako.

Alama nyingine ipo Diani na Paje: kaiti, zile tiara kubwa zinazomvuta mtu juu ya maji. Wanaoteleza kwa kaiti hutafuta upepo wa kilomita 28 kwa saa na zaidi. Ukiwaona wametoka wengi, wanaruka juu na wanatumia kaiti ndogo, ujue upepo wao ni mwingi mno kwako.

Kwa nini tofauti ya kilomita chache ni kubwa hivyo? Nguvu ya upepo juu ya kitambaa haipandi sawa na kasi yake: kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Kutoka kilomita 24 hadi 32 kwa saa, mvuto kwenye kamba huongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Ongeza mwendo wa boti. Boti ikielekea upepo unaovuma kilomita 25 kwa saa, yenyewe ikienda 10, mwavuli unahisi 35. Juu nako huwa na upepo zaidi kuliko usawa wa bahari, na ndiyo sababu hatupendi ule mtindo wa kuongeza pesa ili upandishwe zaidi. Kamba ndefu pia huchukua muda mrefu kurudishwa, na muda ndio unaokosekana wingu linapokuja.

Upepo ukipanda ghafla nahodha hupunguza mwendo, na ukizidi kupanda hugeuza boti na kukimbia na upepo ili mwavuli uhisi hewa kidogo, huku winchi, ile mashine ya kukunja kamba, ikivuta. Mbinu hiyo inafanya kazi vizuri mradi kuna nafasi ya bahari upande anaokimbilia. Kama upande huo kuna ufukwe, minazi na mapaa ya hoteli, hana pa kwenda. Tunashauri umwambie wazi kabla ya kupanda: “Nahodha, nataka turukie mbali.” Mwavuli usikaribie nchi kavu, mwamba, gati au nguzo kwa umbali wa chini ya mara mbili ya urefu wa kamba iliyotolewa. Kamba ikiwa mita 200, nusu kilomita hivi kutoka ufukweni ni sawa. Picha nzuri mbele ya hoteli isikuponze.

Ni miezi ipi mizuri kwenda, na saa ngapi? (Mume na mke wapya, Dodoma)

Hongereni. Nafasi bora ni tanga mbili, kile kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua za vuli hazijakolea. Kaskazi, Desemba hadi Machi mwanzoni, pia ni nzuri asubuhi; Januari hukaza alasiri. Kusi huvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti. Masika tatizo lake si upepo wa kudumu bali mawingu mazito yanayoleta upepo wa ghafla mbele ya mvua, mara nyingi dakika chache tu kabla ya tone la kwanza.

Mahali nako kuna maana. Ufukwe wa Diani na wa Nyali hupokea kusi na kaskazi zote kutoka baharini, hivyo mwavuli uliokatika huelekea kwenye minazi. Kendwa, iliyo upande wa kaskazini-magharibi mwa Unguja, imekingwa na kusi. Maji hulala, lakini upepo unatoka nchi kavu na mwavuli uliokatika utaelekea bahari kuu. Hilo ni afadhali kuliko paa la bati, mradi boti ni ya kasi na ina mafuta ya kutosha. Na maji yakiwa tulivu karibu na ufukwe wa namna hiyo yasikudanganye kuhusu upepo wa juu.

Saa: kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kabla upepo wa bahari wa mchana haujaongezea ule wa msimu. Angalieni pia maji. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likitoa maji yote, ndani ya mwamba hubaki kina cha magoti, na boti haiwezi kumfuata aliyeangukia hapo kwenye matumbawe. Mkienda siku za bamvua, nendeni maji yakiwa yanajaa au yamejaa.

Papasi wa ufukweni amenipa bei nusu ya ile ya hoteli. Nitajuaje kama boti yake ni salama? (Msomaji, Zanzibar)

Papasi ni mpatanishi, boti si yake. Mwambie akupeleke kwa nahodha, na pesa zitoke ukishaiona boti.

Boti ya kubeba abiria inapaswa kusajiliwa na kukaguliwa: Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini, Tanzania Bara na TASAC, Kenya na Kenya Maritime Authority. Omba kuona cheti. Kina namba ya boti, ambayo lazima ifanane na iliyoandikwa ubavuni, idadi ya juu ya abiria, na tarehe ya kuisha. Nahodha mwaminifu hukionyesha bila kununa. Ila elewa kwamba cheti kinaonyesha chombo kimekaguliwa kama boti; kamba na mwavuli hukaguliwa na waliomo kila siku, au hazikaguliwi kabisa. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti maalumu kuhusu mchezo huu mwaka 2014, na mambo yaliyojirudia ndani yake yalikuwa kuruka kwenye upepo mkali na vifaa dhaifu au vilivyochakaa.

Kwa hiyo tazama mwenyewe. Wawe watu wawili angalau: nahodha anayetazama mbele, na msaidizi asiyeondoa macho juu ya abiria aliye hewani. Mtu mmoja hawezi yote mawili. Iwepo redio ya VHF inayofanya kazi, si simu peke yake, maana mtandao hupotea nje ya mwamba. Boti nzuri ya kazi hii ina winchi ya haidroliki na jukwaa tambarare upande wa tezi, yaani nyuma: unaketi, mwavuli unakunyanyua, na kamba inakurudisha palepale ukiwa mkavu. Boti isiyo na winchi hukurusha kutoka mchangani na kukushusha mchangani, maana yake unapita juu ya vichwa vya watu, karibu na miti, kwenye hewa ya chini isiyotulia. Sisi hatuipendekezi kwa mtu yeyote, na hasa ule mtindo ambapo mfanyakazi huning’inia kwenye nyuzi juu yako bila mkanda ili aongoze mwavuli.

Halafu kamba. Shika mita mbili za mwisho, zile za karibu na fundo. Kamba nzuri ni ya duara na laini mkononi. Iliyochoka imeota manyoya, imebapa, imekakamaa kwa chumvi, imepauka kwa jua, au ina sehemu inayong’aa kama plastiki iliyoyeyuka. Hapo imesuguliwa hadi ikapata moto. Fundo lenyewe hupunguza sana nguvu ya kamba, kwa sababu nyuzi za ndani ya kona hubeba mzigo usio sawa, na kamba nyingi hukatikia hapo au jirani yake. Mwendeshaji makini hukata kipande cha mwisho kila baada ya muda, akafunga fundo jipya na kuandika kwenye daftari. Muulize, “Mmekata lini mara ya mwisho?” Akijibu kwa siku, vizuri. Akicheka, umeshapata jibu. Na ukiona fundo katikati ya kamba, kwamba ilikatika ikaunganishwa, usipande boti hiyo hata bure.

Mikanda inafungwaje? Rafiki yangu alifungwa haraka haraka akawa anateleza njia nzima. (Msomaji, Arusha)

Rafiki yako alikuwa hatarini kuliko alivyodhani. Mwaka 2017 kwenye ufukwe wa Kata, Phuket, Thailand, mtalii wa miaka 71 alichomoka kwenye mikanda muda mfupi baada ya kunyanyuliwa akafariki.

Mpangilio ni huu. Kwanza jaketi okozi, lifungwe vifungo vyote. Ukilivuta juu kwa mabega lisipande kufika masikioni. Kisha mikanda juu yake. Ile ya mapaja ipite kila mguu na kukazwa mpaka vidole viwili tu vipite chini yake. Ubao wa kitambaa wa kukalia ukae chini ya mapaja, karibu na makalio, usiende nyuma ya magoti, kwani ukiteleza huko mwili wote unapinduka nyuma. Mkanda wa kifua, kama upo, ufungwe. Mwisho ni ndoano au karabina mbili za begani zinazokuunganisha na upau wa mwavuli. Zitazame moja moja: mdomo umefunga, kifungio kimezungushwa, hakuna kutu. Vuta kila upande kwa nguvu. Angalia pia mshono wa mkanda, si kitambaa tu. Uzi wa mshono huoza kwa jua mapema kuliko mkanda wenyewe.

Yote yakiwa sawa, chuchumaa hapo hapo kwenye jukwaa. Uzito wako ukishikwa na mapaja, sawa. Ukishikwa na kwapa, mikanda ifunguliwe ifungwe upya. Inachukua dakika moja, na foleni ya nyuma yako itasubiri.

Mimi huvaa hijabu na nguo ndefu. Naweza kwenda? (Dada, Tanga)

Unaweza kabisa, dada. Cha kuepuka ni kitambaa kinachopeperuka. Buibui, dera au kanga likijikunja kati ya paja lako na mkanda, mkanda hautakaza, na likilowa linakuzonga miguu majini. Vaa suruali ya kubana au ya michezo, juu yake blauzi ndefu isiyo pana, na hijabu ya michezo isiyohitaji pini, ncha zake zikiingizwa ndani ya jaketi. Ukitaka sketi, ivae baada ya kushuka.

Winchi haina huruma na nguo wala nywele. Ukiwa kwenye boti unasubiri zamu, kaa mbele, usisimame kati ya winchi na tezi wala usiguse kamba iliyokaza: ikikatika hurudi kwa kishindo cha kuvunja mfupa. Pete, mkufu na miwani isiyo na kamba viache nchi kavu.

Sijui kuogelea. Nikidondokea majini itakuwaje? (Kijana, Kigoma)

Kutojua kuogelea hakukuzuii, kwa sharti mbili: jaketi okozi la kukutosha, na uwe umeelezwa namna ya kujifungua kabla ya kuondoka. Siku moja kabla, vaa jaketi uingie maji ya kifua na ulale chali dakika tano. Mtu ambaye mwili wake haujawahi kuhisi jaketi likimbeba hupapatika hata akiwa salama.

Ukitumbukia huku kamba bado imeungana na boti, mara nyingi ni upepo umepungua au nahodha anakuchezea. Kaa kwenye mikanda, shika kamba za begani, usifungue kitu. Atakunyanyua tena au atakuja.

Kamba ikikatika, mambo ni mengine, na haya yakariri. Angani usiguse ndoano hata moja. Miguu pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, kidevu kifuani, vuta pumzi karibu na maji. Ukishatua, upepo ukiwa mdogo kitambaa kitalala: fungua ndoano zote mbili, sukuma nyuzi mbali nawe kwa viganja, na usipige mateke, kwa sababu mateke ndiyo yanayofunga nyuzi miguuni. Kitambaa kikikufunika kichwa, kiinue kwa mkono upate nafasi ya hewa, kisha fuata mshono mmoja kuelekea upande mmoja mpaka ukingoni. Usigeuke njiani.

Upepo ukiwa mkali, mwavuli utakuburuta. Geuka chali, miguu itangulie, uso nje ya maji. Ndoano zilizobeba mzigo ni ngumu mno kufunguka, kwa hiyo kwanza uue mwavuli: kamata nyuzi za upande mmoja tu, uzivute mkono baada ya mkono bila kuachia, mpaka ukingo wa kitambaa uingie majini na hewa imwagike. Kamba zikilegea, fungua mara hiyo hiyo kabla kitambaa hakijajaa tena. Mikanda mingine ina kifungio cha kuachia haraka. Uliza kama yako inacho, na ukishike kwa mkono wako ukiwa bado kwenye boti.

Ukipelekwa nchi kavu, miguu pamoja, magoti laini, mikono ikilinda uso. Usijaribu kudaka tawi la mti.

Mwanangu ana miaka saba na kilo 22. Wanasema aende na mimi. Nina kilo 60. (Mama, Nakuru)

Mama, umri si kipimo kizuri. Uzito na utii ndivyo vinavyohesabika. Mwavuli hutaka uzito unaolingana na ukubwa wake na upepo wa siku. Abiria wepesi kwenye upepo mwingi hunyanyuliwa juu sana na winchi hushindwa kuwarudisha. Wazito kwenye upepo haba hutumbukia. Pamoja mna kilo 82, ambazo kwa mwavuli wa kawaida na upepo mdogo wa asubuhi ni sawa. Peke yake asiende.

Uliza kama wana mikanda ya mtoto. Ya mtu mzima iliyokazwa hadi mwisho na bado inacheza haifai, na jaketi pia liwe la uzito wake. Mweleze kabla kwamba huko juu hakuna kufungua wala kugeuka. Kama ni mtoto wa kushtuka na kujinyonganyonga, mwacheni akae kwenye boti mwaka huu. Na wote mnaoulizwa kilo zenu ufukweni, semeni kweli, hata kama marafiki wanasikia. Nahodha huchagua ukubwa wa mwavuli kwa namba mnayompa.

Niko Dubai kazini, Ijumaa tunataka kwenda. Huku si salama zaidi? (Msomaji, Dubai)

Boti nyingi huko ni za winchi, na hilo ni jema. Ila ukumbuke shamal, upepo mkali wa Ghuba, huvuma kutoka kaskazini-magharibi, na ufukwe wa Dubai umeelekea upande huo huo. Upepo unasukuma moja kwa moja kwenye minara. Shamal ikitangazwa, tafuteni mchezo mwingine.

Nina mimba ya miezi minne. Mume wangu ana maumivu ya mgongo, na jana alipiga mbizi Mnemba. (Msomaji, Unguja)

Wewe usiende, mikanda hubana tumbo na nyonga, na kushuka kunaweza kuwa kwa mshtuko. Mgongo unaouma, upasuaji wa karibuni, moyo au kifafa: daktari kwanza. Kuhusu mbizi, miongozo ya kusubiri saa 12 hadi 18 kabla ya kuruka inahusu ndege, yaani mwinuko wa zaidi ya mita 600. Mwavuli mara nyingi hauvuki mita 150. Mbizi ya jana si kikwazo. Mgongo wake ndio. Pombe ni marufuku kwa wote, tangu usiku wa jana yake kama ilikuwa nyingi.

Wananipa karatasi nisaini kwamba nikiumia ni juu yangu. Nisaini? (Msomaji, Mombasa)

Karibu kila mahali utapewa. Isome, kisha uliza jambo moja: je, boti ina bima ya abiria, na ya kampuni gani? Bima yako ya safari pia ifungue ukurasa wa michezo isiyolipiwa; mara nyingi paraseilingi imo humo, na huongezwa kwa malipo kidogo ukiomba mapema. Kama karatasi haielezi lolote kuhusu afya yako, uzito wako wala maelekezo ya kushuka, imeandikwa kumlinda mwenye boti peke yake.

Nimeshalipa, nimefika, upepo umekaza, nahodha anasema “hakuna shida, twende.” Nifanyeje? (Msomaji, Kwale)

Shuka. Ili iwe rahisi, panga mapema: lipa arubuni ndogo na salio ukirudi, na mkubaliane mbele ya shahidi kwamba upepo ukizidi utapewa siku nyingine au pesa yako. Mwambie nahodha akuonyeshe usomaji wa anemomita, ile mashine ya kupimia upepo; iwe juu ya boti, isiwe programu ya simu inayotabiri hali ya mji mzima. Tazama pia ulikotoka upepo. Wingu jeusi lenye ukingo ulionyooka chini, au mstari wa maji meusi unaosogea, ni upepo unaokuja, hata kama ulipo hapo ni shwari.

Ukiwa tayari hewani nao ukakaza, toa ishara ya kushushwa mliyokubaliana. Wengi hutumia mkono ulionyooshwa ukipungwa chini mara kadhaa, lakini hakikisha ni ile ile ambayo msaidizi anaijua, kwa sababu sauti yako haitafika. Mkononi usishike simu.